Blauzi Mbili Zisizofungika

Ukimpelekea Bi Mkasi kitambaa cha shati, swali lake la kwanza si kola iwe ya namna gani wala mikono iwe mirefu au mifupi. Atakuuliza kama utaridhika na zipu. Ukisema hapana, unataka vifungo kama watu wengine, atakikunja kitambaa chako vizuri, atakurudishia, na atakuelekeza kwa fundi mwingine mtaa wa pili. Wateja wapya hudhani anaringa. Wengine husema uzee umempanda kichwani. Mimi ninaandika mabango, nimepakana naye ukuta mwaka wa tisa sasa, na hao wanaosema hivyo nikiwasikia huwa nawajibu vibaya.

Ukweli ni kwamba Bi Mkasi hajui kutoboa tundu la kifungo. Fundi wa miaka thelathini, anayeweza kukukatia suti kwa kukutazama tu ukivuka barabara, hajui. Hakuwahi kuhitaji kujua, kwa sababu alikuwa na Mashoto.

Mashoto alikuwa shoga yake. Walianza kujifunza ushonaji siku moja, kwa fundi mmoja, wakiwa wasichana. Mashoto alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, na mkasi wa fundi, kama hujui, umetengenezwa kwa mkono wa kulia. Ukiushika kwa kushoto haukati, unatafuna. Basi Bi Mkasi akawa anamkatia. Naye Bi Mkasi ana mkono mzito. Tundu lake la kwanza, aliniambia mwenyewe, lilifanana na mdomo wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Basi Mashoto akawa anamtobolea na kumzungushia uzi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Siku ya kuhitimu fundi wao alikuna kichwa akasema, "Nimefundisha wanafunzi wawili, nimepata fundi mmoja."

Wakafungua duka na kukaa ubavu kwa ubavu miaka ishirini na sita, mmoja kwenye meza ya kukatia, mwingine kwenye kigoda karibu na dirisha. Mashoto alikuwa msemaji. Alisema tangu kufungua mlango mpaka kufunga, na mwenzake alisikiliza huku pini zimejaa mdomoni. Mimi nilipohamia upande wa pili wa ukuta nilidhani kuna redio. Kumbe ni mtu mmoja tu, na mwingine wa kuguna.

Kuna sheria moja waliyoirithi kwa yule fundi wao, na lazima niieleze hapa, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Ukitoka na kazi haijaisha, unaiacha sindano ndani ya kitambaa, pale pale mshono ulipofikia. Maana yake: msiguse, kazi ina mwenyewe, anarudi. Ukimaliza, unakata uzi na kurudisha sindano kwenye kimto. Mashoto aliwahi kushikwa na uchungu wa kuzaa akiwa anashona kola. Aliiacha sindano kwenye kola, akaenda kujifungua. Mwenye shati alikuja mara tatu, na mara tatu Bi Mkasi alimfukuza. Baada ya wiki sita Mashoto alirudi, akaketi, akaendelea na tundu lile lile.

Miaka minne iliyopita mtoto huyo aliyezaliwa katikati ya kola, ambaye sasa ni mama mtu, alipata mapacha, huko mbali, mwendo wa siku nzima. Mashoto alikuwa mjane tayari. Jumatatu alisema anaondoka, Ijumaa gari lilikuwa mlangoni. Siku hizo nne ndani ya duka lile hapakuwa na redio. Nilikuwa nagonga ukuta kwa mpini wa brashi, hivi hivi tu, nisikie kama wapo.

Ijumaa asubuhi Mashoto alimaliza tundu la mwisho la sare ya shule, akakata uzi kwa meno, akaichomeka sindano kwenye kimto. Nilikuwa mlangoni nimekuja kumuaga, kwa hiyo sisimulii la kuambiwa. Bi Mkasi aliitazama ile sindano. Kisha akainamia meza.

"Shoga, ndiyo naondoka," Mashoto akasema.

"Safari njema."

"Hutoki hata kunisindikiza hapo nje?"

"Nina kazi."

Gari lilipiga honi. Mashoto akasubiri kidogo, akajifunga mtandio upya ingawa ulikuwa umefungwa vizuri, akatoka. Ndani mkasi ulikuwa unalia kwa kasi, nami nikachungulia nione ni kazi gani hiyo isiyoweza kungoja. Alikuwa anakata mabaki. Vipande vya sakafuni, vidogo kuliko kiganja, anavikata viwe vidogo zaidi.

Nilimkasirikia mwezi mzima. Nilipomuuliza alinijibu kwa swali: "Uliona alivyoichomeka sindano?" Nikamwambia, Mama, alikuwa amemaliza kazi, ulitaka aichomeke wapi? Akasema, "Ndiyo hivyo. Alikuwa amemaliza."

Tangu hapo ikawa zipu na kulabu.

Upweke wa mtu mwingine ni vigumu kuuona, ila ukuta wetu ni mwembamba na mimi nina masikio. Nilimsikia anapompima mteja: "Kifua themanini na nane!" anatangaza kwa sauti, kama alivyokuwa akimtangazia Mashoto aandike. Kisha kimya. Kisha kalamu inatafutwa, na anaandika mwenyewe. Kila kipimo, miaka minne. Mlango wa duka lake ni mzito, umelegea bawaba. Unahitaji mmoja aunyanyue na mwingine asukume komeo. Yeye akawa anaunyanyua kwa goti, na nikienda kumsaidia ananiambia mimi mikono yangu ina rangi. Kigoda cha dirishani hakuna aliyekikalia, hata mteja mjamzito alipewa kiti cha plastiki. Bi Mkasi ana mtoto wa kiume anayempigia simu kila mwisho wa mwezi, na huzungumza naye kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Jumapili duka halifunguliwi, lakini yeye alikuwa akija, anakaa ndani na mlango nusu. Najua kwa sababu na mimi nilikuwa sina pa kwenda, ila hiyo si habari ya leo.

Namba ya simu ya Mashoto alikuwa nayo. Naye Mashoto alikuwa na yake. Si namba iliyokosekana.

Mwaka huu, mdogo wake Mashoto, anayekaa mtaa huu huu, alipita kuchukua sketi yake, akasema huku anahesabu chenji kwamba dada yake anauza ile nyumba yake ya zamani. Atakuja baada ya miezi mitatu, Jumamosi ya mwanzo wa mwezi, aweke sahihi na kuondoka siku hiyo hiyo kwa basi la saa tisa. Bi Mkasi akasema, "Aha." Jioni akaja upande wangu, jambo ambalo halifanyi.

"We Rangi, una ubao usio na kazi?"

"Wa nini, Mama?"

"Unao au huna?"

Nilikuwa na kipande cha plaiwudi kirefu kama mlango, nilichochorea bucha kichwa cha ng'ombe, mwenye bucha akageuka akataka mbuzi. Bi Mkasi akakichukua na ng'ombe wake. Kesho yake akaja kuomba rangi, keshokutwa gundi, na siku ya nne akaniambia nikae nimwoneshe namna ya kupata rangi ya ngozi ya mtu. Nilichanganya. Akatazama, akasema, "Huyu ana homa ya manjano." Nikachanganya tena.

Hivyo ndivyo alivyoanza ile picha. Mimi ni mtu wa kazi hiyo na sisifu ovyo, lakini nilikuwa naacha mabango ya watu nikasimame nyuma yake. Sakafu aliitengeneza kwa karatasi zile kuukuu za kukatia, zenye mistari ya penseli. Ukuta aliubandika kurasa za daftari la vipimo, mwandiko wa Mashoto mtupu, umeinamia kushoto. Ukingo wa meza ni futi yake ya zamani, iliyofutika namba kwa kushikwa. Mwanga wa dirisha aliupaka kwa vumbi la chaki. Nywele ni uzi mweusi, na kwenye kichwa chake mwenyewe alichanganya uzi mweupe, akanitazama nione kama nitacheka. Wanawake wawili wameketi. Mmoja ana pini za kweli mdomoni. Mwingine kafungua mdomo, anasema. Uso huo wa pili ulimchukua wiki tatu. Aliufuta kwa mafuta ya taa mara sijui ngapi. Pembe ya ng'ombe wangu imebaki kwenye kona, haikukubali kufunikwa.

Sikumuuliza ni ya nini. Mwenye macho haambiwi tazama. Picha aliipima iwe mkabala na mlango, na mtu anayekwenda kwenye nyumba ile ya Mashoto kwa kawaida hupita mbele ya mlango huo. Alitaka aione, aingie. Hilo tu. Mdomo wake haujui kuomba radhi, mdomo wake ni wa kushikia pini.

Wiki ya nane niliona jambo likanikera siku mbili, nikashindwa kulimeza.

"Mama, Mashoto anashonea mkono gani?"

Akanitazama kama nimepungukiwa. "Si ujijibu mwenyewe? Anaitwa nani?"

"Basi mtazame."

Sindano ilikuwa mkono wa kulia. Lilikuwa kosa la fundi cherehani, na ni fundi pekee angeweza kulifanya: alichora mikono na blauzi upande wa ndani wa kitambaa, kama wanavyochora siku zote, akakata, na alipogeuza kubandika, kila kitu kikahama upande. Bi Mkasi aliketi. Akavua miwani. "Miaka minne tu," akasema, "nimeshamgeuza." Nilimwambia ni kosa dogo, kitambaa kinabanduka. Hakunisikia. Alilia, na sikuwahi kumwona akilia, na alilia vibaya, kama mtu asiye na mazoezi. Kisha akachemsha maji, akavibandua vipande vyote, akaanza upya.

Zilibaki blauzi. Hizi hakuzibandika zote. Alizishona kama nguo kweli, ndogo, zikiwa na mbele iliyo huru, akatia vifungo vitano vitano upande mmoja. Upande wa pili hakuna matundu. Kwa hiyo zote mbili zilikaa wazi, na shimizi za rangi zikionekana chini. Mtu wa kuleta magazeti akauliza mbona mama hawa wanajiachia hivyo. Nikamfukuza.

"Nikupe gundi uzifunge?" nikamwambia.

"Zina vifungo. Nguo yenye vifungo haifungwi kwa gundi."

"Basi toboa. Au nikutobolee mimi."

"Matundu si kazi yangu. Wala yako."

Nikasema basi walau niandike neno moja pale juu, *Samahani*, kwa herufi nzuri zenye kivuli, bure. Akaushika mkasi. "Ukiandika hapo, nitakukata vidole, nione utakulia nini."

Jumamosi yenyewe alifungua saa kumi na mbili na nusu. Alifagia, akapiga pasi pazia, akafuta kigoda. Picha ilikuwa inatazama mlango. Saa tatu hakupita mtu. Saa tano akapita mdogo wake Mashoto anakimbia, akasema dada kafika, yuko kwa wakili, watakwenda nyumbani wakimaliza. Saa sita Bi Mkasi alikuwa amesimama mahali pamoja muda mrefu hata nikamletea maji. Saa nane akasema, "Hatapita hapa. Atazunguka kwa nyuma, aende moja kwa moja stendi."

"Atapita. Njia ni hii."

"Ningekuwa mimi, ningezunguka." Akautupa mkasi mezani, umefunguka, kitu ambacho huwa anamgombeza mtu akikifanya. Akavuta mtandio. "Siku ile sikutoka. Leo ninatoka. Nitamsindikiza hata kama hataki kuniangalia. Nitasimama pale chini ya dirisha la basi nipunge mkono kama mwendawazimu."

"Nenda, Mama," nikamwambia. Mungu anisamehe, nilimhimiza mwenyewe.

Nusu saa haikupita. Gari dogo jeupe likasimama, akashuka Mashoto. Amenenepa, ameanza kuchechemea. Hakuja kwa basi wala hakuwa anaondoka kwa basi. Mkwewe alimleta, na mkwe alikuwa kwenye usukani akitazama saa. Nilishuka kwenye ngazi nikiwa na brashi mkononi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Amekwenda stendi."

"Anasafiri?"

"Amekwenda kukusindikiza."

Alinitazama. "Ametoka?" akauliza. "Yule? Ametoka nje?"

"Ametoka. Hata mkasi ameuacha wazi."

Akacheka, akaweka mkono mdomoni, na machozi yakamtoka juu ya mkono. Kisha akaingia ndani, akaiona picha, akaketi kwenye kigoda. Mimi nikapiga simu ya Bi Mkasi. Ikalia chini ya rundo la vitambaa, mle mle dukani. Nikamwambia Mashoto, usitoke, nakimbia nikamlete, dakika kumi. Mkwe akasema kutoka garini kwamba wana dakika ishirini tu, huko mbele barabara inafungwa kwa matengenezo. Nikakimbia. Nina miaka thelathini na tisa na viatu vya plastiki, nilikimbia mbele za watu wanaonijua.

Stendi hakuwepo. Mpiga debe akasema mama mmoja alikuwa anachungulia kila dirisha, basi la saa tisa likaja likajaa, akaona huyo anayemtafuta hayumo, akashika njia ya juu. Njia ya juu inakwenda kwenye nyumba ya Mashoto. Nikakimbilia huko nako, nikakuta mlango una kufuli jipya na hakuna mtu. Niliporudi dukani gari halikuwepo. Niliipiga teke ndoo yangu ya rangi ya bluu, na mpaka leo kizingiti changu ni cha bluu.

Bi Mkasi alirudi karibu na saa kumi na moja, viatu mkononi. Nilimweleza yote hapo hapo barabarani, haraka, kama mtu anayebandua plasta. Sikumficha hata ile dakika ishirini. Akasema, "Alikaa?"

"Aliketi kwenye kigoda. Zaidi ya hapo sijui, nilikuwa nakukimbilia wewe."

Akaingia. Alisimama mbele ya picha, mimi nyuma yake, na mwanzoni sikuona kitu. Yeye aliona mara moja. Blauzi ya yule mwenye pini mdomoni, blauzi yake yeye, ilikuwa imefungwa kifungo cha juu. Tundu limetobolewa, limezungushiwa uzi, mishono midogo, sawasawa, yote imelalia kushoto. Tundu la pili lilikuwa limefika nusu. Mishono saba. Na hapo kwenye mshono wa saba sindano imechomekwa ndani ya kitambaa, uzi wake mrefu umening'inia.

"Alikosa muda," nikasema. "Honi ya mkwewe hiyo. Angekuwa na muda angemaliza."

Bi Mkasi aliushika ule uzi kwa vidole viwili, akaupima urefu kwa macho kama anavyopima kila kitu, akauachia. Kimto cha sindano kilikuwa pale pale mezani, hatua moja.

Wiki iliyofuata alimpigia simu. Nilisikia ukutani. Walizungumza dakika nne: mvua, mapacha, bei ya nyumba, goti. Hakuna aliyetaja picha wala sindano. Kwenye simu hawa wawili ni mabubu, na Mashoto bila kitambaa mkononi nadhani hata yeye hajui aseme nini. Baada ya hapo kimya kama zamani. Vipimo bado vinatangazwa kwa sauti, na bado kinafuata kile kimya kabla ya kalamu kutafutwa. Mlango bado unanyanyuliwa kwa goti. Mwezi wa nane huu tangu Jumamosi ile.

Lakini picha anaifuta vumbi kila asubuhi, kwa brashi ndogo aliyoniibia, akizunguka pale penye sindano bila kuigusa. Juzi bibi harusi mtarajiwa alikuja kupimwa, msichana mzuri mwenye mikono isiyotulia. Akaisogelea picha, akaisifia, akaona sindano, akanyoosha vidole aichomoe.

"Mama, umesahau sindano yako hapa, itamchoma mtu."

Bi Mkasi alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa zote, moja moja, akaziweka mezani.

"Iache," akasema. "Ina mwenyewe."